Sanduku la Fundi: Shoka la Mtumba, Randa Yenye Kutu na Maswali Mengine ya Zana Zilizotumika

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zinahusu zana za mkono zilizokwisha kutumika: zile zinazoshuka kwenye makontena pamoja na baiskeli na majokofu, na zile zinazouzwa na familia za mafundi waliostaafu au waliofariki. Nimezikusanya ili majibu yasaidiane, kwa kuwa kanuni ninayoifuata katika yote ni ileile. Kutu, uchafu na mpini uliooza ni gharama ndogo ambazo mnunuzi anaweza kuzihesabu na kuziondoa kwenye bei. Lakini ufa, chuma kilichokwisha na ugumu uliopotea kwa moto ni hasara ambayo hakuna msasa utakaoirudisha.

Ndugu Fundi, nina shamba la miwati na misindano, na nimechoka kununua mashoka mapya ambayo makali yake hupinda kabla ya msimu kwisha. Mnadani kwetu huja muuzaji mwenye vichwa vya mashoka ya zamani kutoka Ulaya, bila mipini na vimejaa kutu. Nitalitambuaje lililo zima? — Mkulima, Njombe

Ndugu Mkulima, kukosa mpini si kasoro, bali ni nafuu kwako, kwa sababu tundu la mpini ndipo mahali pa kwanza pa kuchunguza, na shoka lenye mpini hulificha. Safisha tundu kwa brashi ya waya, kisha tazama kuta zake kwa ndani na kwa nje, hasa kwenye pembe, ambako chuma ni chembamba na nguvu za kila pigo hukusanyika. Ukishuku mstari wowote, paka mafuta ya taa, yafute vizuri, halafu sugua chaki juu yake; kama ni ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Muuzaji mwaminifu hatakukataza kufanya hivyo. Shoka lenye ufa kwenye tundu usilichukue hata kwa bei ya chuma chakavu, na usikubali maneno kwamba mchomeleaji ataliziba, kwa kuwa sehemu hiyo ikifunguka kichwa huruka.

Baada ya tundu, geuza utazame kisogo. Mashoka mengi ya Ulaya yaliteswa kwa kugongewa nyundo nzito wakati wa kupasua magogo, au yenyewe yakatumiwa kama nyundo, na dalili yake ni kisogo kilichofumuka kingo na tundu lililobanwa au kupinda. Kingo zilizofumuka kidogo husagwa zikaondoka, lakini tundu lililopinda halitapokea mpini sawasawa. Lishike kichwa usawa wa jicho, ulenge kutoka kisogoni hadi kwenye makali: mstari wa makali upite katikati ya tundu. Likienda upande, litakuwa linakwepa kila unapolipiga, na utadhani tatizo ni mkono wako.

Sasa makali, na hapa ndipo pesa ilipo. Katika mashoka mengi ni ukingo wa mbele tu uliokazwa kwa moto, sentimita chache kutoka kwenye makali. Sehemu iliyobaki imeachwa laini kidogo ili isipasuke. Katika mashoka ya zamani zaidi wahunzi walifua kabisa kipande cha chuma cha pua na kukiunganisha na mwili wa chuma laini. Kwa hiyo shoka lililonolewa miaka mingi hadi likawa fupi linaweza kuwa limemaliza chuma chake chote kigumu, na litapinda makali kama hayo mapya unayoyalalamikia. Ili kujua, sugua sehemu ndogo ya shavu karibu na makali kwa msasa hadi ing'ae, upake siki au ndimu na usubiri kidogo. Chuma kilichokazwa hugeuka cheusi zaidi kuliko kilicho laini, na utaona mpaka wake. Tazama pia umbo la ukingo. Shoka zima lina upinde mwepesi na pembe zake mbili zipo; ukiona pembe moja imelika kabisa, ujue mwenyewe wa awali alikuwa akipiga mawe na kunoa upande mmoja.

Jaribio la mwisho ni la tupa, na nakushauri uende mnadani na tupa yako ndogo yenye meno mazima. Ipitishe kwenye pembe ya makali kwa mkono mwepesi. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kinaweza kumeguka. Ikizama na kutoa unga kwa urahisi kama kwenye msumari, chuma ni laini. Unachotafuta ni tupa inayouma, lakini kwa shida.

Kuhusu aina, uwe mwangalifu, kwa sababu mafungu ya Ulaya yana mchanganyiko mkubwa. Kwa kukata miti iliyosimama unahitaji kichwa chenye mashavu membamba, cha uzito wa kilo moja na nusu hivi. Cha Uingereza huandikwa kwa ratili, kwa hiyo alama ya 3½ ni sawa na kilo 1.6, na cha Sweden huandikwa kwa kilo. Kichwa kinene chenye umbo la kabari ni cha kupasulia kuni, na kwenye mti wako wa mwati kitadunda. Kipo pia kile kipana ambacho upande mmoja ni bapa kabisa. Hicho ni cha kuchonga magogo yawe boriti za pande nne, ni zana nzuri mikononi mwa anayeijua, lakini usikinunue kwa ajili ya kukatia. Majina kama Elwell, Brades na Gilpin ya Uingereza, au Hults Bruk ya Sweden ambayo imekuwa ikifua tangu 1697, ni ya kuheshimiwa, ila jina lisikufanye uruke majaribio niliyoyataja. Ukishalipata lililo zima, lipe makali ya pembe ya nyuzi 25 hivi kwa misindano, na uongeze zikaribie 30 ukilipeleka kwenye miti migumu, maana mashoka haya yalinolewa kwa ajili ya mbao laini za kaskazini na makali membamba humeguka kwenye miti yetu.

Fundi, nilinunua shoka la mtumba Gerezani, limepakwa rangi nyekundu na makali yanang'aa kama jipya. Siku ya pili makali yalikunjamana. Nikichunguza naona rangi ya buluu pembeni mwa makali. Je, nimeuziwa feki? — Mchoma mkaa, Pwani

Inawezekana shoka lenyewe ni halali kabisa, na aliyeliharibu ni yule aliyelipendezesha. Chuma kilichokazwa kikipashwa joto hubadilika rangi kwa mpangilio unaojulikana: kwanza rangi ya majani makavu, karibu na nyuzi 220 au 230 za Selsiasi, kisha kahawia, kisha zambarau, na kufikia takribani nyuzi 300 huwa buluu. Kila hatua ni ugumu unaopungua. Grenda ikibanwa kwenye makali membamba hufikisha joto hilo kwa kufumba na kufumbua, na maji anayomwagia baadaye hayarudishi kilichopotea. Wajanja huifuta hiyo buluu kwa msasa kabla ya kupaka rangi, ndiyo maana nasisitiza tupa kuliko macho. Rangi mpya kwenye zana kuukuu, kwa maoni yangu, ni sababu ya kupunguza bei na si ya kuiongeza, kwa kuwa inaficha ufa na puti vilevile inavyoficha kutu.

Hata hivyo usilitupe. Kama buluu iko kwenye ukingo tu, milimita mbili au tatu, noa kwa mkono, kwa tupa na jiwe, hadi upite eneo hilo. Kama imeingia ndani zaidi, mpelekee mhunzi anayejua kukaza chuma, si mchomeleaji wa mageti. Atapasha ukingo hadi sumaku isishike, auzime katika mafuta, kisha aurudishie joto la polepole hadi uonekane kahawia. Muulize bei kabla. Wakati mwingine kazi hiyo inazidi thamani ya shoka, na hapo afadhali akutengenezee jipya la springi ya lori, ambayo ni chuma kizuri kwa kazi hii.

Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana niliyemaliza chuo cha ufundi, na nimeanza karakana ndogo ya samani. Gikomba nimeona randa za chuma za zamani, Stanley na Record, nyingine bei ndogo sana na nyingine ghali. Sielewi tofauti yake, kwa sababu zote zina kutu. — Seremala chipukizi, Nairobi

Marahaba, kijana wangu. Umechagua mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa randa nzuri iliyotumika, ikishatengenezwa, huzidi mpya nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani leo. Umbo unaloliona ni lile la Leonard Bailey wa Marekani, ambaye hataza zake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Record ya Sheffield ikalifuata katika miaka ya 1930, na ndiyo maana vipande vyake vinafanana. Namba ziko kwenye mwili: Stanley namba 4 ni randa ya kulainisha, namba 5 yenye urefu wa sentimita 35 hivi ni ya kazi zote, na Record huandika 04 na 05 kwa vipimo hivyohivyo. Ukiwa na pesa ya moja tu, chukua namba 5.

Tofauti ya bei wakati mwingine ni ya haki na wakati mwingine ni ya kubahatisha, kwa hiyo ifungue. Muuzaji akikataa isifunguliwe, endelea na safari yako. Mwili wa randa ni chuma cha kusubu, ambacho hakipindi bali hupasuka kikianguka sakafuni. Chunguza mdomo, yaani ule mwanya ambao kisu hutokea, kwenye pembe zake mbili, halafu kuta za kando. Ufa hapo, au mshono wa kuchomelea, humaanisha randa hiyo ni ya kununuliwa kwa ajili ya vipuri tu. Chuma cha kusubu kuchomelewa sawasawa kunataka kipashwe joto kwanza na vijiti maalumu. Mchomeleaji wa kawaida hukifunga hapa kikapasuka kando yake.

Kisha hesabu skrubu na vipande. Hili vijana wengi hulipuuza. Nyuzi za skrubu za Stanley ni za vipimo vyake yenyewe, na huwezi kwenda duka la vifaa vya ujenzi ukapata inayoingia. Kukosa gurudumu la shaba la kurekebishia kina, au kile kibamba kinachokandamiza kisu, ni kukosa randa. Mshikio uliovunjika, kinyume chake, usikusumbue hata kidogo. Ule wa zamani ulikuwa wa mti wa Brazili ambao ni jenasi moja na mpingo wetu, na wewe seremala unaweza kuchonga mwingine wa mninga kwa siku moja.

Kisu chenyewe kitazame upande wa bapa, ule usionolewa kwa pembe. Kutu ya juu juu huondoka, lakini vishimo vya kutu karibu na makali ni tatizo la kudumu, kwa sababu makali hutengenezwa na nyuso mbili kukutana, na uso mmoja ukiwa na mashimo makali yatakuwa na mapengo. Tazama pia chuma kilichobaki kati ya makali na ule mwanya mrefu wa katikati. Kikiwa kifupi, kisu kiko ukingoni mwa maisha yake. Visu vipya vya kubadilisha vinapatikana, lakini viongeze kwenye hesabu kabla hujakubali bei. Mwisho, weka rula ya chuma chini ya randa na uielekeze kwenye mwanga. Mwanga mwembamba katikati si kitu, utasawazisha kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo. Mwanga wa kupitisha karatasi nene ni kazi ya wiki, nami nisingeinunua.

Kuhusu kutu: vipande vya chuma vilaze katika siki usiku mmoja, si zaidi sana, kwa kuwa siki ikimaliza kutu huanza kula chuma. Asubuhi visugue, vioshe kwa maji yenye magadi ili kuua tindikali, vikaushe papo hapo na uvipake mafuta.

Msumeno wangu wa mtumba wenye mshikio wa plastiki ulikata vizuri ajabu kwa miezi kadhaa, sasa umekuwa butu na tupa haiukubali. Nifanyeje? — Fundi wa mapaa, Tanga

Huna la kufanya, ndugu yangu, isipokuwa kuukata uwe vibao vya chuma vya kukwangulia mbao. Misumeno ya namna hiyo meno yake hukazwa kwa umeme kiwandani hadi yawe magumu sawa na tupa yenyewe, na utaitambua kwa rangi nyeusi au ya buluu iliyoishia kwenye meno tu. Imetengenezwa itumike na kutupwa. Huko inakotoka mwenyewe huitupa ikiwa butu, nawe unainunua ikiwa butu. Sioni faida ya biashara hiyo.

Tafuta msumeno wa zamani wenye mshikio wa mbao uliofungwa kwa skrubu za shaba, kama wa Disston wa Philadelphia au Spear & Jackson wa Sheffield. Meno yake hukubali tupa ya pembe tatu maisha yote. Ulengee kwa jicho kutoka mshikio hadi ncha: mkunjo mkali, hata mdogo, ni vigumu kuuondoa, ila upinde mpana wa taratibu hunyooshwa. Ukunje kidogo uuachie. Urudi wenyewe ulipokuwa. Meno yaliyopungua au yasiyo sawa yasikutishe, mradi bamba lina upana wa kutosha. Kwa kupasua mbao kwa urefu chagua meno makubwa, matano au sita kwa inchi, na kwa kukata kwa upana wake kuanzia nane hadi kumi.

Nimenunua boksi zima la spana kutoka Uingereza, chuma chake ni kizuri sana, lakini hazilingani na nati za gari lolote hapa gereji. Moja imeandikwa 1/2 lakini mdomo wake ni wa milimita 23. Zimekosewa kiwandani? — Makanika, Mwanza

Hazikukosewa. Ulichonunua ni spana za Whitworth, utaratibu uliopendekezwa na mhandisi Joseph Whitworth mwaka 1841, ambao namba yake hutaja unene wa bolti badala ya upana wa kichwa cha nati. Ndiyo maana iliyoandikwa 1/2 W ina mdomo mpana namna hiyo. Ndani ya boksi hilo unaweza kukuta pia spana za inchi za kawaida, ambazo namba yake ni upana wa mdomo. Uingereza ilianza kuhamia kwenye mita mwaka 1965, na ndipo babu na baba wa huko wakaacha masanduku yao kwenye vibanda vya bustani hadi yakatufikia sisi.

Magari ya Kijapani mnayoyatengeneza yanataka 10, 12, 14, 17 na 19, kwa milimita. Katika za inchi, ile ya 3/4 ni milimita 19.05, na itafanya kazi ya 19 bila madhara. Ile ya 1/2 ya inchi za kawaida ni milimita 12.7, haiingii kwenye 13 na inalegea kwenye 12, na ukiilazimisha utaviringisha kichwa cha nati ya mteja. Zilizobaki usiziuze kwa kilo. Wenye Land Rover za zamani, mashine za kusaga na matrekta ya Kiingereza ya enzi hizo wanazihitaji kweli, na kwao zina bei. Safari nyingine nenda sokoni na bolti mbili tatu mfukoni, ujaribie palepale. Tazama pia kama mdomo wa spana umepanuka au una alama za kupashwa moto, na kwa spana malaya, zungusha kile kiskrubu chake: mdomo ukichezacheza, iache.

Patasi ya zamani niliyoiona Chake Chake imegongwa muhuri CAST STEEL. Rafiki yangu ananiambia hicho ni chuma cha kusubu, kitavunjika nikikigonga. — Mchonga milango, Pemba

Nunua kabla rafiki yako hajabadilisha mawazo. Muhuri huo, kwenye patasi na visu vya zamani vya Uingereza, unahusu chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya vyungu, njia ambayo Benjamin Huntsman aliianzisha Sheffield karibu na mwaka 1740, na ni chuma safi chenye kushika makali kwa namna inayofaa sana kuchonga nakshi. Chunguza vishimo vya kutu kwenye uso wa bapa kama nilivyomweleza kijana wa Nairobi, na urefu uliobaki. Kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu, ikishatengenezwa usiiache bila mafuta hata usiku mmoja.

Je, tupa zilizotumika zinafaa kununuliwa? — Msomaji, Dodoma

Hapana. Tupa hainoleki kwa njia ya maana, na kutu huanza na ncha za meno. Nunua mpya, na zile kuukuu mwachie mhunzi atengenezee visu.

Kila mpini ninaoutia kwenye shoka hulegea ndani ya mwezi. Huwa naloweka shoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha ili ubane. Kosa liko wapi? — Mkata kuni, Morogoro

Kosa liko kwenye ndoo. Mbao ikinywa maji huvimba, lakini ndani ya tundu la chuma haina pa kwenda, kwa hiyo nyuzi zake hujiponda zenyewe. Ikikauka husinyaa kuliko ilivyokuwa mwanzo, nawe unarudi kwenye ndoo. Wauzaji wa mitumba nao wanaujua mchezo huo, hivyo shoka la sokoni ambalo mpini wake una unyevunyevu kichwani lishuku.

Sababu ya msingi, hata hivyo, ni mpini mbichi. Mti ukatwe, upasuliwe, ukae kivulini miezi mingi hadi ukauke kabisa, ndipo uchongwe. Mkole ni mti wa kuaminika kwa mipini, mpera nao haubaguliwi. Tazama nyuzi za mbao ziende moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha bila kutokea ubavuni, na ukiutazama mpini kwa kichwani, mistari yake ielekee upande mmoja na bapa la shoka. Tundu la shoka la Ulaya ni pana zaidi upande wa juu, kwa hiyo mpini huingizwa kutoka chini, kisha kabari ya mbao ngumu na kavu hupigwa kutoka juu ili uujaze upana huo. Msumari peke yake si kabari. Sululu ni kinyume, mpini wake hupitishwa kutoka juu na hujikaza wenyewe. Shoka la kwetu la kienyeji, lile ambalo msuka wake umetoboa kichwa kinene cha mpini, nalo hujikaza kila unapopiga, na kwa kuni za nyumbani nalipenda kuliko la kigeni. Hasara yake ni kwamba siku moja hupasua kile kichwa. Ukimaliza, paka mpini mafuta ya kitani, si rangi.

Wapo wanaoniuliza kuhusu mashoka ya Fiskars yenye mpini wa plastiki ngumu. Ni makali na mepesi, ila mpini umefungwa na kichwa kiwandani, na ukivunjika mbali na duka lake hakuna fundi wa kijijini atakayeutia mwingine.

Shikamoo baba. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, ameacha kasha la zana na jiliwa kubwa la chuma. Mnunuzi amekuja na anataka vyote kwa bei moja, na anasema ni vyuma vya kutu tu. Sisi watoto hatuna ujuzi huo. — Binti wa Fundi, Iringa

Marahaba, binti yangu, na poleni kwa msiba. Anayetaka vyote kwa pamoja kwa kawaida ameona kimoja chenye thamani na anakificha ndani ya vingine, kwa hiyo msikubali bei moja. Tandazeni zana zote kwenye mkeka, mzifute kwa kitambaa chenye mafuta bila kuzisugua kwa msasa wala kuzipeleka kwenye grenda, maana mnunuzi anayejua kazi hulipia zaidi zana ambayo haijaguswa. Tafuteni mihuri kwenye patasi, randa, misumeno na keekee, muiandike kwenye karatasi. Kisha mwalikeni fundi aliyefanya kazi na marehemu, si mfanyabiashara, awatajie kila kimoja kingegharimu kiasi gani yeye akikihitaji, na mumpe tezo au nyundo moja kama shukrani.

Kila mtakachouza, andikeni hati yenye jina la mnunuzi, tarehe na maelezo ya zana. Zana za mafundi huibwa sana kwenye maeneo ya ujenzi, na kukutwa na mali ya wizi ni kosa kisheria. Mnunuzi mwema atafurahi kuwa na karatasi hiyo, nanyi itawalinda. Ninawashauri wasomaji wengine wote waidai karatasi kama hiyo wanaponunua kutoka kwa mtu asiye na duka.

Jiliwa lichunguzeni meno yake na mwili wake kama una ufa au mshono, mlizungushe hadi mwisho muone kama skrubu yake inacheza. Likiwa zima, hicho ndicho chuma cha kutu anachokitaka mgeni wenu. Liuzeni mwishoni kabisa, likiwa bado limefungwa kwenye meza, kwa sababu wanunuzi wa randa na misumeno watahitaji mahali pa kubania mbao wanapojaribu.